Maswali ya Wasomaji: Mwezi Ukimegwa, Jua Likimegwa

Assalaam alaykum masheikh. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa, tuliswali jamaa msikitini kwetu. Imamu aliinuka kutoka rukuu akaanza Fatiha upya. Nusu ya safu ikadhani kasahau, ikashuka sijda. Wengine tukabaki wima tunatazamana. Nani alikuwa sawa? Na aliyechelewa anahesabuje rakaa?
*Msomaji, Mbagala*

Waalaykumu salaam. Imamu wenu alikuwa sawa. Kilichokosekana ni maelezo ya dakika mbili kabla ya takbira. Swala hii huja kwa nadra, na mwili uliozoea swala tano haungoji kuambiwa: ukitoka rukuu, magoti yenyewe yanakwenda chini.

Ni rakaa mbili, na kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili. Sijda ni mbili kama kawaida. Hakuna adhana wala iqama. Watu huitwa kwa "Asswalaatu jaami'ah". Mnahirimia (mnafungua swala kwa takbira), mnasoma Fatiha na sura, mnarukuu. Mnainuka kwa "Sami'allaahu liman hamidah", kisha Fatiha inasomwa tena na sura fupi kuliko ile ya kwanza. Mnarukuu mara ya pili, nayo fupi kuliko iliyotangulia, mnaitidili (mnasimama wima), ndipo mnasujudu. Rakaa ya pili ni vivyo hivyo. Kama imamu mwenyewe ndiye aliyeporomoka sijda baada ya rukuu ya kwanza, wanaume waseme "Subhaanallah", wanawake wapige kofi, naye arudi asimame.

Kuhusu urefu, mafakihi (wanazuoni wa sheria) wa Kishafii wametoa makadirio: kisimamo cha kwanza Suratul Baqara au kiasi chake, cha pili kama aya 200 za sura hiyo, cha tatu 150, cha nne 100. Tasbihi za rukuu nazo zinashuka: kiasi cha aya 100, 80, 70, 50. Mpangilio huo ni wa makusudi, kwa sababu swala inakusudiwa kwenda sambamba na kivuli, siyo kumalizwa mbio ili watu wakapige picha uani. Lakini imamu atazame walio nyuma yake. Penye wazee wa magoti na feni moja inayozunguka kwa shida, Fatiha peke yake katika visimamo vyote vinne inatosha, na swala inasihi.

Kwa mwezi kisomo ni cha sauti. Kwa jua ni cha kimya. Baada ya salamu kuna hotuba mbili kama za Ijumaa, za kuhimiza toba na sadaka. Sadaka itolewe usiku huohuo, isiachwe kuwa ahadi.

Aliyechelewa akimkuta imamu katika rukuu ya kwanza ya rakaa, ameipata rakaa hiyo. Akimkuta katika rukuu ya pili, hajaipata, hata kama alirukuu naye. Imamu akitoa salamu, anainuka na kuleta rakaa nzima yenye visimamo vyake viwili. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa katika swala za kila siku rukuu ni moja tu.

Mwezi ukishafunguka wote kabla hamjahirimia, wakati umepita na hakuna kadha (kuilipa baadaye). Ukifunguka mkiwa ndani ya swala, ikamilisheni. Usiku ule kivuli kilianza kuumega mwezi saa 1:27, ukafunikwa wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, ukaachiwa saa 4:56. Nafasi ya Isha na ya swala hii ilikuwepo, bila mtu kukimbizwa.

Kijana wangu wa chuo anasema saa na dakika za tukio zilikuwa kwenye simu tangu wiki iliyotangulia, sasa hofu ya nini? Sikuwa na jibu.
*Mama, Tandika*

Mama, jibu lake lina zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Aliyefiwa ndiye aliyewakatalia: jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kisha akawaamuru kuswali, kuomba dua na kutoa sadaka. Kwa hiyo aliukana mkosi, akaubakisha unyenyekevu. Kijana anayejua hesabu hajapingana na chochote hapo. Anayeweza kupiga hesabu ya jua hawezi kulisogeza hata nukta.

Ila simu haiwi adhana. Inasaidia kujiandaa, lakini swala inaanza kwa kuonekana. Ule ukungu hafifu wa mwanzo, kabla mwezi haujamegwa, hauhesabiwi kwa sababu jicho haliutambui. Na mawingu yakitanda kabla hamjaona chochote, hamswali kwa kubahatisha. Yakitanda baada ya kuona, mnachukulia kuwa bado umepatwa.

Nasikia mwaka 2027 jua litapatwa. Watoto watazameje?
*Msomaji, Kigamboni*

Ni Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027. Luxor, Misri, na Makka litafunikwa lote. Dar es Salaam tutaona limemegwa sehemu, na sehemu inatosha kuswaliwa.

Mwezi utazamwe kwa macho makavu, hauna madhara. Jua sivyo. Miwani ya kawaida ya jua, hata mbili juu ya mbili, filamu ya eksirei, sidii na beseni la maji, vyote viachwe. Utando wa nyuma wa jicho hauhisi maumivu. Mtoto anaungua huku anacheka, na doa jeusi analiona baada ya saa kadhaa. Kioo cha kuchomelea kiwe namba 14, chini ya hapo hapana.

Njia rahisi: toboa kadi kwa pini, tundu la milimita moja. Lipe jua mgongo, mwanga upite tunduni uangukie kadi nyeupe umbali wa mita moja. Utapata kijua cha milimita 9, kimemegwa vilevile. Tundu likiwa pana, picha inafifia kingo. Au simameni kando ya mwembe: kila upenyo wa majani unachora hilali ardhini.

Radi ikipiga, mama mkwe anafunika vioo na kuzuia nguo nyekundu. Ni sunna?
*Msomaji, Ukonga*

Si sunna, na radi haichagui rangi. Inatafuta kilichoinuka: mnazi, nguzo, mtu peke yake kiwanjani. Ingieni ndani, muache kugusa mabomba na nyaya. Kilichopokewa kutoka kwa sahaba Abdullah bin Zubeir ni kuacha maneno anaposikia radi, na kusema "Subhaanalladhii yusabbihur ra'du bihamdihi walmalaaikatu min khiifatih", maneno yanayotokana na Suratur Ra'd, aya ya 13. Mvua ikishuka ni "Allaahumma swayyiban naafi'aa", iwe mvua ya manufaa. Mama mkwe mfundishe kwa upole; vioo atavifunua mwenyewe.