Aliyeuliza riwaya ya kumtuliza mtu aliyeachika: soma Myombekere

Pole dada. Umesema umeachika, umerudi kwa wazazi, na unataka riwaya ya kukuinua bila kukuhubiria. Wengi hapo juu wamekutajia za mapenzi. Mimi nakupa ya kwetu huku ziwani: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria.

Nimeisoma baada ya kufunga duka Dar na kurudi Mwanza, nikafikia kwa shangazi, mtaa wa Kirumba. Mchana niko soko la Mwaloni nafungasha dagaa kwenye viroba, jioni sina la kufanya. Kitabu kilikuwa cha marehemu mjomba, jalada limeachia na kurasa zinanuka dagaa, kama kila kitu pale nyumbani.

Kisa chenyewe: mume na mke hawajajaliwa mtoto, ndugu wa mume maneno hayawaishi, basi wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi. Hapo ndipo kitabu kiliponishika. Hakuna anayekaa kujililia kurasa nzima. Kuna ndizi za kuiva, kuna kukamua, kuna marafiki wa kumsaidia kazi, na Kitereza haruki hatua. Sehemu hiyo nilimsomea shangazi kwa sauti. Yeye ni mzaliwa wa Nansio, hukohuko Ukerewe, akanikatisha: "Ngoja, rudia hapo kwenye kukamua." Tukabishana kuhusu nyasi za kukamulia mpaka chai ikapoa. Nilikuwa sijabishana na mtu siku nyingi kuhusu kitu ambacho si deni.

Baadaye Bugonoka anapata mganga, anatibiwa, wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Sikuharibii utamu, majina hayo yako kwenye jalada.

Kitabu nacho kilisota. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kumchapia, akaja kukitafsiri kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House walikitoa 1980, naye akafariki 1981. Kiswahili chake kina ladha ya kisiwani, mimi napenda hivyo hivyo kuliko kingesafishwa.

Nisikudanganye, ni kirefu, na kuna mahali salamu peke yake zitakuchosha. Ukichoka ruka, ila safari za ukweni usiziruke. Na kama una mtu mzima nyumbani, msomee kwa sauti; kinanoga zaidi kuliko kujifungia nacho chumbani.

Madukani kukipata ni kazi. Anza na maktaba ya mkoa, kisha wauza vitabu vya mitumba. Changu siwezi kukuazima: shangazi amekishikilia, anadai sehemu ya watoto tuirudie, na ndugu wa Myombekere anawasema kama wapangaji wenzetu.