Usifomati hiyo laptopu, soma kwanza anwani iliyo ndani ya kosa

Mdogo wangu, weka chini hiyo flashi ya kusakinishia Ubuntu, mfumo wa laptopu yako. Usiichomeke popote usiku huu.

Nimesoma swali lako lote. Programu yako ya kuhifadhi viti vya matatu, uliyoiandika kwa RMI ya Java (njia ya programu kuita methodi zilizo kwenye mashine nyingine), inakwenda sawasawa seva na mteja wakiwa kwenye laptopu moja. Ukimpa mwenzako wa chumba aendeshe upande wa mteja kwenye laptopu yake, inagoma na kuandika "Connection refused", yaani muunganisho umekataliwa. Umeuliza pia mbona huioni rmic, chombo cha zamani cha RMI, kwenye JDK 17, yaani vifaa vya kuandikia Java. Halafu kuna mtu hapo juu amekwambia uzime fayawoli, ulinzi unaozuia miunganisho ya mtandao, na ikishindikana uweke mfumo mzima upya, nawe ukamjibu: "Sawa, nafomati leo usiku." Nilipofika hapo niliacha chai ikapoa.

Ushauri huohuo nilipewa mimi mwaka 2019, nikiwa mwaka wa tatu hapa Nairobi. Tulikuwa wanne kwenye kundi, tunaunda programu ya chama: mwanachama anaweka mchango kwenye laptopu yake, seva inaandika, kila mtu anaona jumla. Seva ilikuwa kwangu. Kwangu kila kitu kilienda. Kwa wenzangu, hakuna. Komredi mmoja aliyekuwa mbele yetu kimasomo, anayesifiwa na kila mtu kwamba anajua Java, alikuja chumbani, akatazama skrini kwa muda usiotosha kufunga kamba za viatu, akasema, "Hiyo ni fayawoli. Zima." Nikaandika sudo ufw disable, amri ya kuzima ufw, fayawoli ya Ubuntu. Hakuna kilichobadilika, na hakingeweza kubadilika, kwa sababu ufw kwenye Ubuntu huja ikiwa imezimwa tangu mwanzo. Angeniambia niandike sudo ufw status, ingenijibu "inactive" na mjadala ungeishia hapo. Badala yake akasema mfumo umeharibika, fomati. Nikampelekea fundi mjini, nikalipa shilingi 1,500, nikakaa siku 4 bila laptopu wiki ya mwisho kabla ya kuwasilisha. Ripoti ya kundi ilikuwa humo na nakala nyingine haikuwepo. Wenzangu walikesha siku mbili wakiandika upya kurasa 30 na kitu.

Na unajua laptopu iliporudi nini kilitokea? Kosa lilelile, neno kwa neno. Kabla mtu hajanicheka, ajaribu kufikiri vizuri akiwa na usingizi wa saa tatu na mwalimu anayeuliza kundi namba 7 liko wapi.

Aliyetuokoa ni dada mmoja wa kundi jingine aliyekuja kuazima chaja. Aliinama juu ya skrini ya mwenzangu, akaweka kidole kwenye mstari huu:

java.rmi.ConnectException: Connection refused to host: 127.0.1.1

Akauliza, "Hii ni anwani ya nani?"

Sote tulikuwa tumesoma maneno mawili ya kwanza tukaishia hapo. Namba hatukuisoma. Anwani yoyote inayoanza na 127 maana yake ni "mashine hii hii". Laptopu ya mwenzangu ilikuwa inaitafuta seva ndani ya laptopu ya mwenzangu. Ilikataliwa kwa haki kabisa: pale hapakuwa na seva.

Sasa elewa imefikaje huko, maana ukielewa hili hutafomati mashine ya mtu maisha yako yote. Mteja wako anapoita lookup, yaani anapokitafuta kitu cha seva kwa jina, anaongea na rejista, orodha ya majina hayo, kwenye poti (mlango wa mtandao) 1099, kwa anwani uliyoiandika wewe. Hiyo anwani ni sahihi, kwa hiyo lookup inafaulu. Rejista inamrudishia stabu, yaani kibali cha kuita methodi zako kutoka mbali. Ndani ya stabu kuna anwani nyingine na poti nyingine, ambazo seva ilijiandikia yenyewe wakati wa kusajili kitu chako. Kuanzia hapo mteja hatumii tena anwani uliyomwandikia wewe. Anafuata ile iliyo ndani ya stabu.

Seva inaijuaje anwani yake? Inauliza mfumo, "Mimi naitwa nani, nakaa wapi?" Ubuntu inaangalia faili la /etc/hosts, ambamo jina la mashine limeandikwa mbele ya 127.0.1.1. Basi seva inajaza hiyo na kuigawa kwa watu. Ni kama kumwelekeza mtu wa boda kwa simu: "Mimi niko hapa hapa nilipo." Atazima pikipiki atazame pale aliposimama yeye. Ndiyo maana kwenye laptopu moja inakwenda, kwa kuwa "hapa" ya seva na "hapa" ya mteja ni pamoja. Na ndiyo maana kufomati hakukunisaidia: Ubuntu mpya iliandika mstari uleule wa 127.0.1.1 kwenye faili lilelile. Nililipa 1,500 kurudishiwa kosa langu likiwa safi.

Hakikisha mwenyewe kabla hujaniamini. Kwenye msimbo wa mteja, mara tu baada ya lookup, chapisha hiyo stabu kwa System.out.println. Utapata mstari mrefu wenye kipande kama hiki:

endpoint:[127.0.1.1:38417]

Ukikiona hicho, tiba ni moja, nayo ni ya upande wa seva. Kwa mteja usiguse kitu. Tafuta anwani ya laptopu ya seva kwa hostname -I, tuseme ni 192.168.43.57, kisha uiendeshe hivi:

java -Djava.rmi.server.hostname=192.168.43.57 SevaYaViti

Hilo -D likae kabla ya jina la klasi. Ukiliweka baada yake, Java italichukua kama maneno ya kupelekewa main, haitalalamika, na kosa litabaki palepale huku ukiapa kwamba umefuata maelekezo. Ukipenda kuliandika ndani ya msimbo kwa System.setProperty, liwe mstari wa kwanza wa main, kabla kitu chochote hakijasajiliwa, kwa sababu stabu ikishaundwa imeshabeba anwani. Na kama mnatumia hotispoti ya simu, angalia anwani upya kila mnapoiwasha. Inabadilika. Sisi ilibadilika asubuhi ya kuwasilisha, lakini wakati huo tulishajua pa kutazama, tukarekebisha mwalimu akiwa bado anafungua daftari lake.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na nitairudia hadi mnichoke: soma anwani iliyo ndani ya kosa kabla hujagusa kitu kingine chochote. Ikiwa ni ya 127, tatizo ni hilo nililoeleza. Ikiwa ni anwani sahihi na bado inasema "refused", mashine imefikiwa ila hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo; pengine seva imekufa au umekosea poti. Ikikaa muda mrefu ndipo iseme "timed out", hapo ndipo fayawoli inaingia kwenye mazungumzo, au wai-fai ya chuo inayozuia laptopu mbili zisionane. Kwa fayawoli kuna mtego mmoja: watu hufungua 1099 pekee, kumbe kitu chenyewe kilichosajiliwa kwa poti 0 kinajichagulia poti yoyote. Kipe poti yako, kwa mfano UnicastRemoteObject.exportObject(seva, 1100), ufungue hizo mbili. Hakuna haja ya kuzima ulinzi wote wa mashine ukiwa kwenye wai-fai ya hosteli yenye watu mia mbili.

Wewe uliyemwambia afomati, nakuomba kwa heshima: ameweka kosa lake hapa, anwani iko humo, na hukumuuliza hata swali moja. Huyu ni mwanafunzi. Akifomati, kazi ya muhula inaondoka, na wewe utakuwa umeshahamia kwenye uzi mwingine.

Kuhusu rmic, iliyokuwa ya kuunda stabu kabla ya kuendesha programu, usiitafute. Tangu Java 5 mwaka 2004 stabu zinaundwa zenyewe programu ikiwa inaendeshwa, na chombo chenyewe kiliondolewa kwenye JDK 15 mwaka 2020. Noti za fotokopi unazosoma ni za zamani, hata zangu za 2019 zilikuwa bado zinaamrisha rmic kana kwamba ni lazima. Ruka ukurasa huo.

Fanya hivi usiku huu: chapisha stabu, nakili mstari wa endpoint pamoja na kosa lote kuanzia juu hadi chini, si maneno mawili ya mwanzo, uviweke hapa. Niko macho hadi saa sita. Na kama bado hujanakili kazi yako mahali pengine, anza na hiyo.