Ramani ya Risk: hesabuni milango kabla ya maeneo

Mwenzetu ameuliza kwa nini wachezaji wa Risk, mchezo wa ubaoni wa kuteka maeneo ya dunia kwa askari, hawakubaliani kuhusu ramani yake: baadhi huona kwamba anayeshika Australia mapema ameshapewa ushindi, na wengine husema ramani haina kosa, wenye kosa ni wanaomwachia. Nimecheza mchezo huu kwa miaka mingi, nami nimo katika kundi la kwanza.

Katika ramani yoyote, jambo la kwanza ninalohesabu ni milango, yaani maeneo ambayo mwenye bara hana budi kuyalinda. Australia ina maeneo 4, humpa anayeyashika yote askari 2 wa ziada kila zamu, na mlango wake ni mmoja tu, Indonesia, unaopakana na Siam, eneo la Asia. Ulaya hutoa 5, lakini kati ya maeneo yake 7, manne yako wazi kwa adui. Asia hutoa 7, ina milango 5, na ni nadra mno kumwona mtu akiishika zaidi ya zamu moja. Tukikumbuka kuwa mwenye maeneo machache hupata askari 3 tu kwa zamu, hao 2 wa Australia si haba hata kidogo.

Nakumbuka mchezo mmoja ambapo mwenye Australia alirundika askari Siam zamu baada ya zamu, hadi vipande vyao vikawa havienei ndani ya mipaka ya Siam na vingine vikalala juu ya China. Kwa rundo hilo moja alilinda bara lake na papo hapo akatunyima sote Asia. Sisi wanne tulikuwa tukimalizana Ulaya na Afrika, kila mmoja akingoja mwenzake aende kuivunja ngome ile, kwa kuwa ambaye angekwenda angerudi amedhoofika na kumezwa na jirani. Kwa hiyo ushauri wa "msimwachie" haunitoshi, maana ramani yenyewe humfanya kila mtu amwachie.

Sidai usawa wa kupimwa kwa rula. Katika Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka mwaka 1959, majeshi ya Italia na Austria huanza yakigusana Venice na Trieste, jambo lisilozipata dola nyingine yoyote kati ya saba za mchezo huo, na bado naipenda ramani hiyo, kwa sababu ugumu huo huwalazimisha wawili hao kuzungumza tangu zamu ya kwanza.

Kwa Risk, sisi tulichora kwa penseli njia ya bahari kutoka Australia Mashariki hadi Argentina. Amerika Kusini, iliyokuwa na milango 2, Venezuela na Brazil, ikapata wa tatu na wachezaji wakaikimbia, hivyo tukapandisha askari wake wa ziada kutoka 2 hadi 3. Tangu hapo mwenye Australia hugawa jeshi lake sehemu mbili, na rundo la Siam halijafika China tena.