Mabomba ya joto sakafuni: piga hesabu kabla ya kununua roli

Ndugu mlio Ulaya mnaotaka kutandika wenyewe mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu, anzeni na karatasi ya grafu. Urefu wa kila mzunguko, yaani bomba moja lisilokatika linalopeleka maji sakafuni na kuyarudisha, ndio unaoamua karibu kila kitu, na wengi hugundua hilo roli zikiwa zimeshafika nyumbani.

Kwa bomba la milimita 16, mzunguko mmoja usizidi mita 100. Ukizidi, pampu huelemewa, maji hupita polepole na kufika mwisho yamepoa.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 5. Ukiacha sentimita 20 kati ya mstari na mstari, kila mita ya mraba inakula mita 5 za bomba: jumla mita 100. Anayeanza huona imetosha kabisa, kumbe kasahau njia. Manifoldi, yaani kigawanyio cha maji ambako mizunguko yote huanzia na kurudi, ikiwa mita 6 kutoka chumbani, kwenda na kurudi ni mita 12 nyingine. Kwa hiyo gawa chumba mara mbili. Kila mzunguko upate mita 50 na njia yake 12, yaani 62. Na kwa kuwa bomba lililofukiwa halitakiwi kuwa na kiungo, roli mbili za mita 100 zitakuachia vipande viwili vya mita 38 visivyofaa kuungwa. Roli moja ya mita 200 inatoa mizunguko yote miwili, na mita 76 zinabaki kwa chumba kingine.

Mizunguko ya manifoldi moja ilingane kwa urefu kadiri inavyowezekana. Maji hupenda njia fupi. Valvu hurekebisha tofauti ndogo, lakini mita 30 dhidi ya 95 ni mateso.

Laza bomba kwa mtindo wa konokono, la kwenda kando ya la kurudi, ili moto na ubaridi vichanganyike. Karibu na madirisha makubwa, sogeza mistari hadi sentimita 10. Chini ya makabati ya kudumu usilaze kitu, wala pale choo kitakapofungwa kwa skrubu.

Usitegemee miujiza, tafadhali. Sakafu ya nyuzi 29 katika chumba cha nyuzi 20 hutoa takriban wati 100 kwa mita ya mraba, basi. Nyumba ikipoteza zaidi ya hapo, ziba kuta na madirisha kwanza. Bodi za povu gumu chini ya bomba nazo ni lazima, la sivyo unapasha udongo joto.

Kabla ya kumwaga saruji, piga picha kila kona, futi ikiwa imelazwa juu ya mabomba. Jaza maji, pandisha presha hadi bar 6, uangalie geji. Mshale ukishuka kidogo mwanzoni usishtuke, bomba jipya hutanuka, ongeza presha. Ukiendelea kushuka, kagua viungo vya manifoldi, kisha tafuta mkwaruzo kwenye bomba. Presha ibaki ndani wakati wa kumwaga, maana koleo likitoboa bomba utaona palepale.

Saruji ikae siku 21 bila moto. Kisha maji ya nyuzi 25 kwa siku 3, halafu joto la juu ulilopangia kwa siku 4. Ukiwasha mapema, saruji hukauka juu kabla ya chini, kingo hujikunja, na nyufa hupanda hadi kwenye vigae.