Uso unachonyota kwa maji matupu

SWALI: Daktari, shikamoo. Niko Wete, naolewa baada ya miezi miwili. Nimekuwa nikifanya singo, ule msuguo wa bibi harusi, kila siku, nikipaka ndimu, na krimu ya kopo niliyochanganyiwa dukani. Sasa uso unang'ara, nikishaosha unakaza, na hata maji yananichonyota. Muuzaji anasema ndiyo dawa inafanya kazi, nivumilie. Niongeze mafuta gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiongeze kitu. Acha vyote vitatu leo.

Hayo maneno ya "ndiyo inafanya kazi" yananichosha, maana kila anayeniletea uso ulioungua kashaambiwa hivyo. Ngozi inayochonyota kwa maji imevunjika kinga yake. Seli za juu zimepangwa kama mawe ya nyumba za Mji Mkongwe, na mafuta ya ngozi yenyewe ndiyo chokaa inayoyashika. Singo sigombi nayo. Nagomba na kuisugua kila siku juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka. Chokaa imekwanguka, unyevu unakutoka, na kila unachopaka kinapenya. Mng'aro huo ni ngozi iliyokaza, si urembo. Kwetu watu weusi wekundu haujitokezi upesi, kwa hiyo tazama weusi uliozidi, joto na magamba madogo. Ndimu nayo ikipigwa jua hutoa malengelenge, kisha mabaka ya miezi.

Asubuhi osha kwa maji tu, yasiwe ya moto. Usiku tumia kiosheo laini kisicho na manukato. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi hupungua) ya 9 hadi 10, na ngozi yako inataka kama 5. Uso ungali na unyevu, paka krimu yenye seramidi (mafuta kama yale ya ngozi yenyewe) na glisirini inayoshika unyevu, au mafuta ya mgando kidogo sana. Mafuta ya nazi yaache kwa mwili, usoni huwatia wengine chunusi. Mchana jifunike mtandio. Hesabu wiki nne hivi, na huenda harusi yako ikakukuta umeshapona.

Ninachokiogopa zaidi ni hilo kopo. Mchanganyiko usio na lebo mara nyingi huwa na haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), zebaki inayodhuru figo, au steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli. Steroidi hutuliza uso siku za mwanzo, ndiyo maana watu huisifu. Ukiiacha baada ya wiki kadhaa, uso huweza kuvimba na kuwaka kuliko mwanzo. Mtu akadhani anaikosa dawa yake, akalirudia kopo. Nimeona wasichana walioingia mtego huo kwa miaka, ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Mwenye kukuchanganyia hakuoni siku hiyo, keshapokea pesa zake.

Kwa hiyo kama umelipaka zaidi ya wiki mbili, usingoje uso uwake. Nenda hospitali ukamwone daktari wa ngozi, na kopo lenyewe ulichukue, hata kama limebaki tupu.