Maswali yenu: tembe la babu, michoro ya Kolo na mashindano ya utafiti

Nilipoandika juu ya wanafunzi kushindana kwa utafiti wa malikale, yaani vitu na majengo ya zamani, maswali yalikuja mengi kutoka Dodoma na Singida. Leo najibu matano.

Shikamoo mwalimu. Niko Kidato cha Tatu, Kondoa. Nataka kushindana kwa utafiti wa nyumba za zamani, ila wenzangu wanasema mashindano ni ya fizikia na kemia tu.

Marahaba mwanangu. Wenzako wamekosea. Young Scientists Tanzania, mashindano yaliyoanza 2011, yana kundi la sayansi ya jamii, na humo nyumba ya zamani inaingia vizuri kabisa mradi uje na swali na ushahidi. Marekani wana shindano la majengo ya kale peke yake. Ni Tuzo ya Charles E. Peterson, iliyoanzishwa 1983. Wanafunzi hupima jengo la kihistoria kwa mikono yao na kulichora, kisha michoro hukabidhiwa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo. Jengo likiungua kesho, vipimo vyake vipo.

Kwetu Bahi babu ana tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa, lililoinama upande mmoja. Baba mdogo anataka kulibomoa ajenge ya bati. Linafaa kwa utafiti, au nitafute boma la Wajerumani?

Chukua tembe, na uanze wiki hii. Kilimatinde na Mpwapwa, kwenye maboma ya Wajerumani, zina wa kuzisemea. Zimo katika orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO, ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, kama vituo vya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Tembe la babu yako halimo katika orodha yoyote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na nyumba ya miti na udongo ni nadra kufikisha umri huo. Tangu Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishiwa vijijini, matembe yamezidi kupungua. Moja la Kigogo limejengwa Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Nalipenda, lakini hakuna aliyezaliwa ndani yake.

Mwaka juzi nilikwenda na wanafunzi wanne kupima tembe moja Chamwino. Mlango ulikuwa mfupi hata aliyeshika futi kamba akaingia kwa magoti. Ndani giza, tukasubiri macho yazoee. Mmoja akauliza kwa nini nguzo zina panda ya matawi mawili juu. Bibi mwenye nyumba, ambaye muda wote alikuwa kimya akipeta uwele, aliweka ungo chini, akatanua vidole viwili, akalaza kidole cha mkono mwingine katikati yake. Boriti inalala hivi, akasema, haitaki msumari. Juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo. Kisha akagonga nguzo moja nyeusi kuliko nyingine: hiyo ilitoka nyumba ya mama mkwe wake, walihama nayo. Swali la utafiti likazaliwa palepale: ni nguzo ngapi za nyumba hii zilizowahi kushika nyumba nyingine?

Wewe nawe pima kila chumba, unene wa kuta, urefu wa kila nguzo. Muombe baba mdogo wiki mbili. Na siku ya kubomoa uwepo na daftari, kwa sababu tabaka za paa huonekana vizuri linapofunguliwa.

Sisi ni kikundi cha wanafunzi wa chuo. Tunataka kunakili michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa. Tumeambiwa tukimwagia maji kidogo picha zinang'aa. Ni sawa?

Hapana, hata tone. Maji huyeyusha chumvi iliyomo kwenye mwamba, na yakikauka chumvi huganda juu ya rangi kama utando mweupe. Nimeona jiwe lililofanyiwa hivyo na wageni waliotaka picha nzuri ya siku moja, na bado linaniuma. Msipake chaki, msibandike karatasi, msiguse kwa kidole. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipofanya kazi Kondoa mwaka 1951 alinakili kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba. Nakala zake ni hazina, lakini leo tuna kamera. Pigeni picha kwenye kivuli, wekeni rula kando ya mchoro bila kuugusa, kisha tumieni programu ya DStretch, ambayo huibua rangi zilizofifia kwenye picha.

Jambo la pili ni zito zaidi. Eneo hilo, lililoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, si la michoro peke yake. Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo watu bado wanatambika. Piteni kwanza ofisi ya mambo ya kale Kolo na kwa wazee. Wakisema leo hapana, ni hapana.

Mwalimu mwenzangu, niko Mpwapwa. Tunahitaji kibali?

Kupima nyumba: ruhusa ya mwenye nyumba, na Mtendaji wa Kijiji ajue. Kuchimba: msichimbe kabisa. Bila kibali cha mambo ya kale ni kosa kisheria, na wasaka dhahabu ya Wajerumani wametuachia mashimo ya kutosha. Mkikuta kigae cha chungu, pigeni picha, andikeni mahali, kiacheni kilipo.

Babu anasema nyumba ilijengwa kabla ya Mtunya. Dada yake anasema baada. Niandike lipi?

Yote mawili, kila neno na aliyelisema. Mtunya ni njaa kuu iliyoipiga Ugogo mwaka 1917 hadi 1920, kwa hiyo wazee wako wanakupa tarehe bora kuliko unavyodhani. Usiwahukumu mbele yao. Rudi siku nyingine, toa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kaa chini, uulize pembeni: nani alikuwa amezaliwa? Reli ilikuwa imeshafika Dodoma? Nani alikata miti? Mara nyingi wote wawili wana haki. Mmoja anasema chumba cha kwanza, mwingine anasema ua ulipozungushwa. Waamuzi wazuri huuthamini utafiti unaoonyesha ubishi huo kuliko unaouficha.

Kazi ikiisha toa nakala tatu: ya shule, ya ofisi ya kijiji, ya mwenye nyumba. Tulipompelekea bibi wa Chamwino ramani yake, aliigeuza mara mbili, akafuata ukuta kwa kidole mpaka pembeni, akasema tumesahau mahali pa kuku. Tukatoa futi kamba, tukapima.