Fupa la paja: aliyegongwa na gari na aliyeanguka bafuni

Ndani ya miaka mitatu nimewauguza watu wawili waliovunjika fupa la paja, mdogo wangu na mama yetu, na kosa langu lilikuwa kudhani kwamba niliyojifunza kwa wa kwanza yangenitosha kwa wa pili.

Mdogo wangu aligongwa na gari akiwa kwenye bodaboda. Huu ndio mfupa mrefu na imara kuliko yote mwilini, na kwa kijana mwenye afya hauvunjiki katikati ila kwa kishindo kikubwa cha namna hiyo. Ndiyo maana majeruhi kama yeye huchunguzwa pia kichwa, tumbo, nyonga na goti. Ngozi haikuchanika, lakini paja lilivimba likawa gumu kama gogo, kwa kuwa mvunjiko huo huweza kumwaga lita 1 ya damu au zaidi ndani ya misuli. Waliomwokota waliufunga mguu huo pamoja na ule mzima kwa kanga, na daktari akawasifu. Aliwekewa chuma ndani ya mfupa, akaanza magongo huku jirani yake wodini, aliyevutwa mguu kwa uzito, akiendelea kulala chali kwa wiki kadhaa.

Mama, mwenye miaka 74, alianguka tu bafuni. Hapakuwa na jeraha wala uvimbe wa kutisha, naye akashikilia kwamba nyonga imeteguka, basi tukamwita mkandaji (naona haya kuliandika hili). Siku ya pili ndipo nilipoitazama miguu yake akiwa amelala: mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na vidole vyake vimeelekea nje. Ukiiona hali hiyo kwa mzee aliyeanguka, usikande, usimsimamishe; mpeleke akapigwe picha. Shingo ya fupa la paja, yaani sehemu nyembamba iliyo chini ya kichwa chake cha mviringo kinachoingia kwenye nyonga, ilikuwa imekatika. Baada ya hedhi kukoma mifupa ya wanawake hupungua uimara, hata kuanguka ukiwa umesimama kukatosha kuivunja, na kwa kuwa mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupita pale pale shingoni, mama hakuungwa bali aliwekewa kichwa cha bandia.

Wapo pia wanaovunjika bila kuanguka kabisa, na hao huchunguzwa kama kuna saratani iliyosambaa mfupani.

Daktari ndiye aliyeuliza tusilowahi kujiuliza: kwa nini mama alianguka? Kumbe tangu dawa zake za presha ziongezwe, alikuwa akipata kizunguzungu kila anapoamka usiku kwenda msalani.